Kidonge cha Kupanda Ikinga

Benchi langu liko Mpemba, hatua chache kutoka mizani ya malori. Anayelikalia hulipia kahawa tu, maneno ni bure, ndiyo maana siku zote maneno huzidi kahawa. Mimi ni Ikupa. Kahawa yangu inatoka shambani kwa kaka yangu Mbozi, naichoma mwenyewe, na sikopeshi. Wateja wangu wa kudumu ni watatu. Yesaya tunamwita Eksel, kama ekseli ya lori, kwa sababu anapanga upya mizigo ya malori yaliyokataliwa na mizani, basi kila kitu duniani yeye anakipima kwa uzito. Brian tunamwita Kiwango, anabadilisha kwacha kwa shilingi, na hajawahi kukubali kwamba kuna jambo asilolijua. Mzee Nikodemo ni Kilometa, aliendesha lori mpaka Lubumbashi miaka ishirini na saba, na hadithi zake ni ndefu kuliko hizo safari. Jumamosi ile asubuhi akaja wa nne, Shadrack fundi matairi, kavaa suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa, uso umemshuka utadhani anakwenda kuzika.

Niliijua sababu, mtaa mzima uliijua. Saa nne alikuwa apande gari kwenda Ikinga, Ileje, kujitambulisha kwa ndugu wa mchumba wake, Faith. Hiyo ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza, mwezi uliopita, kona za milimani zilimshinda, akashuka garini anayumba na kutapika mlangoni kwa watu, mbele ya Mzee Lusubilo, baba mdogo wa Faith, ambaye ni mzee wa kanisa. Wakasema kijana ni mlevi. Faith alilia siku tatu mpaka wakakubali kumpokea tena. Akitapika na leo, posa imekufa.

Nilimmiminia kahawa, akaisogeza pembeni. Akatoa mfukoni mwa koti karatasi ya vidonge vinne.

Shadrack: Leo sitapiki. Eksel kaniokoa.

Eksel: Ni vya mke wangu hivyo. Mnakumbuka Mercy ile mimba ilivyomtesa, mpaka maji yanarudi? Daktari akamwandikia hivi. Unaweka ulimini, kinayeyuka chenyewe, kutapika kwisha. Tangu Jumatano hajatapika. Sasa vinne vya nini ndani? Nikampa mwanangu Shadrack.

Mimi: Vinaitwaje?

Eksel: Jina refu hilo, kama foleni ya malori. Ondansetroni.

Kilometa: Safi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mimi: Mzee, hapo mgeni ni nani?

Kilometa: Kidonge. Mwenyeji ni tumbo. Wewe mimina kahawa.

Shadrack: Sasa shida yangu ni moja, nimeze vingapi? Mercy alikuwa anameza kimoja.

Eksel: Hapo ndipo watu wanapokosea. Mercy ana kilo hamsini na mbili, mimba ikiwemo. Wewe una tisini na moja, na suti. Lori la eksel mbili hulipangii sawa na la eksel sita, utavunja sheria. Kimoja kwako ni kama kufunga kontena kwa kamba ya kiatu. Meza viwili.

Kiwango: Viwili vya wapi? Eksel, hivyo vilinunuliwa huku au ng'ambo ya mpaka, Nakonde?

Eksel: Huku.

Kiwango: Basi vitatu. Sikiliza kaka, mimi kila siku navuka. Vya kule vina nguvu, vya huku ni laini, lazima uvibadilishe. Kimoja cha kule ni kimoja na nusu cha huku. Mbili mara moja na nusu, tatu. Hesabu haidanganyi.

Shadrack: Nani kakwambia vya kule vina nguvu?

Kiwango: Kuna mama anauza mchele pale mpakani, Mbemba wa Zambia. Nilimsalimia kwa Kibemba, mulishani, akajibu bwino, yaani nzuri, tukaongea sana.

Shadrack: Alisema habari ya vidonge?

Kiwango: Hakusema. Lakini yule mama ana afya.

Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa mkononi. Shadrack hakucheka. Alikuwa anavihesabu vile vidonge kwa kidole, kimoja, viwili, vitatu, na jasho limeanza kumtoka kipajini kabla hata hajaiona hiyo milima.

Kilometa: Vijana mnapima mtu, mnapima pesa. Mimi nilikuwa napima barabara. Kutoka hapa mpaka Isongole ni lami, mteremko mtupu, huko hata mtoto hatapiki. Shida ni milima baada ya hapo. Naikumbuka, ni minne. Vidonge vingapi?

Shadrack: Vinne.

Kilometa: Mungu hakukosea. Kila mlima na kidonge chake. Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi: Kibaba kikijaa si ndipo kinamwagika, mzee?

Kilometa: Dada Ikupa, methali haibishiwi.

Eksel: Minne kweli mzee? Mimi nakumbuka mitano.

Kilometa: Wa tano ni kilima. Kwa kilima unanusa dizeli kidogo kwenye kitambaa. Mimi Kongo nilikuwa nafunga na mnyororo nyuma ya lori uburuze chini, kichefuchefu kinashuka ardhini kama radi.

Kiwango: Kwenye koti la suti mnyororo utafungwa wapi?

Kilometa: Kwenye mkanda.

Kiwango: Mimi naona vyote vinne ameze sasa hivi, kwa mkupuo. Kutangulia si kufika, lakini dawa ikitangulia, tumbo linaikuta imeshakaa. Halafu kahawa ya moto juu yake, iisukume.

Eksel: Hapo umeongea. Vinne kwa kilo tisini na moja, mzigo umekaa katikati, mizani itasoma kijani.

Na Shadrack, mtu mzima anayeweza kukwambia tairi lina upepo kiasi gani kwa kulipiga teke, akaanza kutoa vidonge kwenye karatasi kimoja baada ya kingine. Nilitaka kumkataza. Nakiri sikumkataza, maana na mimi sikujua lolote, na nilikuwa nacheka. Vilikuwa tayari viwili kiganjani pale Mercy alipotokea upande wa foleni, anakuja kwa miguu, kanga imefungwa juu ya tumbo, mwendo wa mtu aliyefungua droo akaikuta tupu.

Mercy: Shikamoo mzee. Dada Ikupa, habari za asubuhi. Baba, dawa zangu ziko wapi?

Eksel akatazama malori.

Shadrack: Shemeji, nisamehe. Ninazo mimi. Ni kwa ajili ya safari.

Mercy: Umeshameza?

Shadrack: Bado. Tulikuwa tunapanga idadi.

Mercy alivitazama vile viwili kiganjani, akanyoosha mkono, Shadrack akamkabidhi pamoja na karatasi, kama mtoto aliyekutwa na sukari. Akakaa benchini pembeni ya mumewe, anahema. Nilimpa maji, kahawa alikuwa hanywi siku hizo.

Mercy: Mume wangu, nani kakwambia mimi nimepona? Daktari alisema vilivyobaki niviweke, hali ikirudi nimeze kimoja, nisubiri, nisiongeze bila kumwuliza. Leo alfajiri imerudi. Nimefungua droo, imebaki shajara yako ya malori tu.

Eksel: Mama, nilidhani basi.

Mercy: Na wewe shemeji. Mimi mwenyewe gari linanitapisha tangu utoto, nilimwuliza daktari kama na safarini nitumie hivi. Akasema kwa kichefuchefu cha gari hivi havisaidii kitu. Hiyo moja. Ya pili, kabla hajaniandikia aliniuliza mambo mengi mpaka nikachoka. Nimewahi kuzimia? Moyo huwa unakwenda mbio? Kuna dawa nyingine natumia? Akarudia, hata ya malaria? Nikasema hapana, wakapima kabisa, ndipo akaandika. Akasema kuna dawa zikikutana na hii mwilini mapigo ya moyo yanavurugika. Sasa wewe, kuna dawa nyingine unatumia?

Shadrack akaingiza mkono kwenye mfuko wa pili wa koti. Akatoa pakiti.

Shadrack: Mseto. Niko siku ya pili. Asubuhi nimemeza vinne.

Nakwambia, dawa ya malaria yenyewe. Nilimpenda yule kijana, alinizibia pancha ya toroli langu mara mbili bila kunitoza, na nilikuwa nimeshika birika la kusukumia vidonge.

Mercy: Una malaria?

Shadrack: Ilikuwepo. Sasa nina nafuu.

Mercy: Mbona hukusema?

Shadrack: Hakuna aliyeniuliza, shemeji.

Mercy akawageukia, mmoja mmoja, Eksel, Kiwango, Mzee Kilometa, na mwisho mimi. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua tu.

Mercy: Mmekaa naye hapa saa nzima. Mlikuwa mnaongea nini?

Eksel akaanza kufuta kiatu chake kwa kidole. Mzee Kilometa, ambaye ana methali hata ya kufungia mlango, akatafuta moja, nikaona kabisa anaitafuta, akaikosa. Akanywa kahawa iliyokwisha kupoa.

Mercy alisimama akamchukua Shadrack mpaka zahanati, ng'ambo ya barabara. Dakika ishirini hazikufika wakarudi, na uso wa Shadrack ulikuwa mwingine.

Shadrack: Dada Ikupa, nimeulizwa maswali tisa. Nimeyahesabu.

Mimi: Na dawa?

Shadrack: Hamna. Daktari wa zahanati amesema nimalize mseto wangu mpaka kidonge cha mwisho, nafuu isinidanganye, na ya safari nisijitafutie juu yake. Nile kidogo, nikae mbele, nitazame mbali, dirisha wazi. Moyo ukienda mbio au nikisikia kutaka kuzimia, nikimbilie hospitali iliyo karibu.

Eksel: Na ukitapika?

Shadrack: Nimemwuliza hivyo hivyo. Kasema kutapika si dhambi.

Aliyasema hayo anacheka, kisha kicheko kikakatika, maana kule alitapika wakamhesabia dhambi ya ulevi. Akakaa na simu mkononi, anaigeuza. Mercy akamgusa bega. Mwisho akapiga, akaweka sauti nje, nadhani hakutaka kuwa peke yake.

Shadrack: Shikamoo baba mdogo. Ni mimi Shadrack. Kabla sijaja nataka kukwambia jambo. Ile siku sikuwa nimelewa. Pombe sinywi. Gari linanitapisha, mzee, na nikaona aibu kusema mwanaume mzima anatapishwa na gari. Leo inaweza ikatokea tena. Dawa nimekosa.

Kiwango alishika mkono wa Eksel, wote wawili wakasahau kuuachia.

Mzee Lusubilo: Marahaba. Gari?

Shadrack: Gari, mzee.

Mzee Lusubilo: Kijana, mwezi mzima tumefunga na kuomba Mungu akuondolee pombe.

Shadrack: Nisamehe, mzee.

Mzee Lusubilo: Unajua kwa nini mimi sijafika Tunduma kwa gari tangu mwaka ule wa sensa? Mke wangu anajua. Kanisani hawajui, na wewe usiwaambie. Mara ya mwisho nilitapika, nikashukia njiani nikatembea mpaka nyumbani kwa miguu, nikawaambia nimetembelea wagonjwa.

Mzee Kilometa aliangua kicheko mpaka kofia ikaanguka. Mercy alicheka ameshika tumbo, Eksel akamshika yeye. Mimi nililia, sioni haya kusema, nililia huku namimina kahawa ambayo hakuna aliyeagiza, na siku hiyo sikumtoza mtu.

Mzee Lusubilo: Shukia pale milima inapoanza, tutakuja kukupokea tupande pamoja kwa miguu. Ngoja, huyu hapa ananipokonya simu.

Ikaja sauti ya Faith, anahema kama aliyekimbia kutoka jikoni.

Faith: Shadrack, panda gari uje. Suti ukiichafua, huku maji yapo.