Hagop Terzian na Gari Lililogoma Kuwa Tayari

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Hagop Terzian analifunga sanduku lake la spana baada ya miaka thelathini na mmoja katika gereji yetu ya kupima moshi wa magari hapa Fresno. Mimi nimekaa mapokezi miaka kumi na tisa kati ya hiyo, na nikinyamaza mimi sijui ni nani atakayemsifu.

Alipoanza, Machi 1994, kazi ilikuwa kuchomeka kifaa kwenye ekzosi na kusubiri. Baadaye yakaja magari yanayojipima yenyewe. Kompyuta ya gari huukagua mfumo wa moshi kipande kwa kipande wakati gari likiendeshwa, na kila kipimo kikikamilika huandika "tayari". Ukichomoa betri, inasahau yote na kuanza upya. Mafundi wengi waliuchukia utaratibu huo. Hagop aliupenda, kwa sababu hauna haraka, na yeye haraka hana.

Kwa magari yaliyogoma kuandika "tayari" alikuwa na dawa yake: barabara ya 180 kuelekea mji jirani wa Kerman, maili hamsini na tano kwa saa, zisizidi wala zisipungue, kisha anaondoa mguu na kuliacha gari lipunguze mwendo lenyewe bila breki. Malori ya nyanya yalimpigia honi mpaka yakachoka. Siku moja polisi alimsimamisha.

"Mzee, uko salama?"

"Mimi mzima, afande. Gari ndilo liko kwenye mtihani."

Tangu siku hiyo tukamwita Bwana Hamsini na Tano, naye akaitika bila kinyongo.

Lakini mimi namkumbuka zaidi kwa wiki moja ya Juni 2021. Jumatatu ile Yer Vang, mteja wetu, alikuja kwa mara ya tatu na Corolla yake ya zamani. Mara mbili mashine ilikuwa imesema gari haliko tayari, na mara mbili Hagop alimwambia aliendeshe zaidi kisha arudi. Maskini, alikuwa ameliendesha maili mia tatu. Usajili ulikuwa unakwisha Jumatano ya wiki iliyofuata, na bila cheti chetu hapati stika. Mama yake alikuwa akipelekwa kliniki kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na gari lilikuwa hilo hilo moja. Yer alilia pale mbele ya dawati langu.

"Kuna mtu kaniambia atachomeka mashine kwenye gari jingine, langu lipite," alisema.

"Usimsikilize huyo," Hagop akamjibu. "Nipe ufunguo."

Aliingia garini, akatazama saa ya dashibodi. Ilikuwa nyuma kwa saa nyingi mno, kana kwamba imezaliwa asubuhi ile.

"Nani anaigusa betri yako?"

"Mimi. Taa ya buti haizimi, inakula betri. Kila jioni nachomoa waya, asubuhi naurudisha. Marehemu baba alinifundisha."

"Mwanangu, kumbe kila jioni unafuta kazi yote ya mchana!" Kisha akavua kofia. "Lakini kosa ni langu. Umekuja mara mbili, na sikukuuliza."

Nimefanya kazi na mafundi wengi. Wanaotamka neno hilo mbele ya mteja hawajazi kiganja. Hagop alibadilisha swichi ya buti siku hiyo hiyo, akamkabidhi Yer gari la mkewe Sirvart ili mama asikose kliniki, na kila asubuhi kabla ya kazi, injini ikiwa bado baridi, akaenda Kerman na kurudi. Ijumaa mchana vipimo vyote vilisoma "tayari". Gari likapita kihalali, na leseni ya Hagop haijapata doa hadi leo.

Nilipomwarifu Yer kwamba Hagop anastaafu, aliniletea barua fupi: "Mwambie Mzee Hagop mama alitutoka Februari. Kwa karibu miaka minne hakukosa kliniki hata siku moja, na kila safari nilimpeleka mwenyewe. Miaka hiyo tulipewa."

Nilimsomea. Akaniomba barua aende nayo nyumbani. Nimempa.

Asante, Hagop. Tunakuombea afya njema, wewe na Sirvart, na miaka mingi ya kukaa pamoja na wale unaowapenda.