Kiti cha Mbele cha Bi Marlys

Wasikilizaji wapendwa, kama mna vyombo mkononi, hebu viwekeni chini kidogo. Leo tunamkumbuka mtu wa jikoni. Tunamkumbuka Bi Marlys Dirksen, mama na mwalimu, aliyetutoka juma lililopita nyumbani kwake, hapa hapa Harlan Fork, Nebraska. Wengi mlimjua kwa pai zake za cheri. Wengi zaidi mlimjua kwa midomo yake, na hilo nitalieleza.

Bi Marlys alimfundisha binti yake wa pekee, Keziah, nyumbani. Hakumpeleka shule hata siku moja. Meza ya chakula ndiyo ilikuwa darasa. Asubuhi uji, kisha sala, kisha hesabu. Mzee Verlin, mumewe, akirudi kutoka kwenye mahindi yake na njaa yake, alikuwa anaambiwa asubiri barazani mpaka hesabu ziishe. Naye alisubiri. Nani angebishana na Bi Marlys?

Siku za Ijumaa, familia zote zinazofundisha watoto nyumbani zilikutana katika ukumbi wa chini ya kanisa, ule ukumbi unaonukia kahawa hata ukipigwa deki. Na kila mwisho wa mwaka wa masomo, watoto walisimama mmoja mmoja kukariri Maandiko mbele ya watu. Kiti cha mbele, katikati, kilikuwa cha Bi Marlys. Mtoto akikwama, alimtazama yeye. Naye alitamka maneno kwa midomo tu, bila sauti. Mtoto anasoma midomo, anaendelea. Hakuna aliyewahi kushuka pale akilia.

Tobin Sauer mnamfahamu, yule mnadi wa ng'ombe ambaye hata ng'ombe wenyewe hawamwelewi kwa kasi ya kunadi kwake. Huyo utotoni alikuwa na kigugumizi.

"Jina langu mwenyewe lilikuwa linanishinda," Tobin alituambia. "Nikamwambia, Bi Marlys, mimi siwezi. Akasema, 'Vizuri, hata mimi siwezi. Nitazame, tusiweze pamoja.' Basi nikamtazama. Leo nalipwa kwa kusema haraka, na mama yangu mpaka kesho haamini."

Ndivyo alivyokuwa. Mama kijana akichoka, akitaka kuwarudisha watoto shuleni na kujilalia zake, Bi Marlys alimfikia mlangoni na bakuli la viazi vya jibini. "Unafanya vizuri kuliko unavyodhani," alimwambia. "Sasa kula, uache kulia kwenye chakula changu."

Lakini kulikuwa na kanuni moja, wasikilizaji wapendwa, na kanuni hiyo aliitunga yeye mwenyewe. Mama haketi kiti cha mbele mwanawe anapokariri. Zamani watu waligombana kwa sababu ya mama aliyemnong'oneza mwanawe jibu, ikawa maneno mpaka ibadani. Kwa hiyo ikifika zamu ya Keziah, Bi Marlys aliinuka, mwenzake akakaa pale, na yeye akaenda jikoni kukata pai.

Kila mwaka. Keziah anasimama, mama anaondoka.

Akiwa na miaka tisa, Keziah alikariri zaburi ndefu kuliko zote za mwaka ule. Hakukosea hata neno. Watu walisimama kumpigia makofi. Yeye alikimbilia jikoni, uso umemwiva kwa furaha.

"Umemaliza?" mama yake akamuuliza, hajageuka. "Haya, chukua sahani, watu wana njaa."

Nyumbani nako ilikuwa hivyo hivyo. Kazi nzuri ilipata alama ya vema, basi. Bi Marlys aliogopa upendeleo, na aliogopa zaidi kumlea mtoto mwenye kiburi. Alimwambia binti yake, "Sifa za mama hazihesabiki. Mama yeyote atamsifu wake." Keziah alikua, akaolewa, akaanza kufundisha watoto wake mwenyewe kwenye meza ile ile aliyopewa na mama yake. Na bado jambo lile lilimkaa kooni. Siku moja, wakimenya tufaha, alijikaza akauliza.

"Mama, siku ile ya zaburi. Ulinisikia?"

"Pai hazijikati zenyewe, Keziah."

Keziah akachukua tufaha jingine. Akaendelea kumenya.

Mwaka jana, wakati wa mavuno, Bi Marlys alipata kiharusi. Kilimchukulia mkono wa kulia na sauti yote. Sauti yote, wasikilizaji wapendwa, mama yule aliyewatia moyo watoto wa kila mtu. Keziah alimhudumia majira yote ya baridi. Alimlisha supu, alimchana nywele, akangoja. Daktari alisema huenda neno moja moja likarudi. Keziah alitaka moja tu.

Mara nyingi, Keziah akiketi kando ya kitanda, midomo ya mama yake ilianza kucheza. Keziah alidhani anaomba maji. Alimletea maji. Mama alitikisa kichwa, akafumba macho, na baadaye midomo ikaanza tena. Keziah akaleta maji tena.

Bi Marlys alifariki wakati wa kupanda, na lile neno halikuja.

Jumamosi tulimzika. Baadaye watu walishuka kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, na Keziah aliombwa akariri zaburi ile ile. Alianza vizuri. Katikati akakwama. Mwanamke mzima, mama wa watoto, amesimama pale, anakitazama kiti cha mbele kilicho kitupu. Ndipo Tobin Sauer akatoka alikokuwa, akaketi kiti cha mbele. Akafungua mdomo, bila sauti, pole pole, yeye mwenye kasi ile. Keziah akamtazama. Akamaliza.

Kisha akaenda jikoni kukata pai, maana ndiko alikofundishwa kwenda. Alimkuta Bi Arlene Pruitt, rafiki wa mama yake, ambaye amekata pai na marehemu katika jiko lile tangu wakiwa wasichana.

"Umekwama pale pale mama yako alipokwama siku ile," Bi Arlene akasema.

"Mama hakuwahi kuikariri."

"Unasema nini, mwanangu? Kila ukisimama, alijibanza nyuma ya mlango huu, kisu mkononi, anakariri na wewe bila sauti. Neno kwa neno. Machozi yanamtoka mpaka juu ya pai. Siku ile ya zaburi alinishika mkono, akasema, 'Arlene, umemsikia? Yule ni wangu.' Nikamwambia, basi nenda kamwambie. Akasema, 'Nikimwambia nitalia, na watoto wa wenzangu wananitazama.'"

Keziah aliweka kisu chini.

"Bi Arlene," akasema, "alikuwa ananikariria zaburi ile. Miezi yote ile. Na mimi nilikuwa nampelekea maji."

Bi Arlene alimkumbatia, na watu huko nje wakangoja pai zao. Hakuna aliyeuliza.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Mzee Verlin. Tunampa pole Keziah, na wajukuu, na kila mtoto aliyewahi kuisoma midomo ile. Bwana awafariji. Bi Marlys Dirksen alitutia moyo sote, na mimi nimo. Mmoja tu alipata sifa yake nyuma ya mlango, na hakuisikia.

Basi, kama una neno jema juu ya mtu wako, neno unalowaambia majirani na yeye humwambii, weka kisu chini sasa hivi. Watu wangoje pai. Toka jikoni ukamwambie, na ukilia, lia.