Fundi Tone na Jukwaa Alilomfungia Dada Yake

Huyu tunayemlaza leo wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Tone. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na wateja, kwa sababu kila aliyemletea cherehani inayolia aliambiwa neno lile lile, kwamba tone moja la mafuta linatosha, asiimwagie kama anayekaanga. Alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba mfyatua matofali na mama mshonaji. Dada yake alikuwa na miaka sita. Mama alikuwa na nguo za watu za kumaliza, kwa hiyo dada ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamfunga kamba za viatu. Mtu uliyemfunga kamba za viatu ni vigumu kumwona mkubwa, hata akiota mvi.

Aliingia shule mwaka 1964 na kumaliza darasa la saba mwaka 1970, wa nne katika darasa la watoto arobaini na moja. Dada yake alikuwa ameishia darasa la pili, maana nyumbani palihitajika mikono. Marehemu akirudi shuleni alichukua chaki ya kukatia nguo, akamwandikia herufi kwenye vipande vya kitambaa cheusi, na akikosea alimgonga vidole kwa rula ya mama. Mwalimu wa miaka tisa ni mkali kuliko yeyote wa serikali. Kusoma dada alijua, lakini kwa kidole, neno moja moja, na mara nyingi alichoka katikati akajijazia mwenyewe yaliyobaki. Marehemu alimwonya juu ya hilo tangu utoto.

Mwaka 1972 alianza kujifunza ufundi wa cherehani kwa mzee mmoja aliyekuwa na karakana chini ya ngazi za jengo la ghorofa. Tarehe 3 Mei 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha sare za shule, akawa fundi wa safu ya mashine arobaini. Alikuwa akipita katikati yake mikono nyuma, anasikiliza, halafu anasimama kwa moja na kusema, "Huyu shato yake, ile inayokamata uzi wa chini, imechakaa." Wakifungua wanaikuta kweli imechakaa. Alistaafu mwaka 2012 akahamishia meza yake kibarazani kwake.

Ni hapo kiwandani alipompata mkewe, mkaguzi wa vifungo. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 22 Agosti 1981. Cherehani ya kurudishia vifungo vilivyolegea, iliyokuwa mezani kwa bibi harusi, ilikuwa imeharibika mara kumi na moja mwaka ule, na siku ya harusi ndipo bwana harusi alipokiri kwamba ni yeye aliyekuwa akilegeza skrubu jioni ili aitwe asubuhi. Walijaliwa mabinti wawili. Gauni la harusi lilishonwa na dada yake marehemu, na mpaka leo halijaachia mshono hata mmoja.

Mwezi Mei 2014 binti yake mkubwa, aliyechoka kuona watu wamejipanga kibarazani na mashine vichwani, alimfungulia jukwaa kwenye mtandao ili watu waulize wakiwa kwao. Walianza kumi na wawili. Alipofariki walikuwa elfu nne mia tatu na kumi na wawili. Marehemu ndiye aliyekuwa msimamizi, na kazi hiyo aliifanya kwa bidii ile ile ya kiwandani, miwani puani, simu imeegemezwa kwenye kopo la vifungo.

Kila penye watu wengi huja pia wachokozi, na wengi wao hawana hata sindano nyumbani. Wapo walioingia kucheka kazi za wenzao na kutukana wanaoanza. Yeye hakuwa mwepesi wa kufukuza. Onyo la kwanza alilitoa faraghani, la pili mbele ya wote, la tatu akakufungia siku thelathini. Ukirudi na tabia ile ile, anakufungia moja kwa moja. Kila ujumbe alioufuta aliunakili kwanza kwa kalamu kwenye daftari, ili asije mtu akasema amesingiziwa. Kulikuwa na mchokozi mmoja aliyejiita Mkasi, mdomo mchafu kweli. Marehemu badala ya kumgombeza alimuuliza anatumia cherehani gani. Ikaonekana ana cherehani iliyokufa mwaka mzima na aliona haya kuuliza. Walikaa nayo siku tatu, picha zinakwenda na kurudi, ikashona. Tangu siku hiyo Mkasi ndiye anayewapokea wageni jukwaani. Kwa miaka tisa, waliofungiwa moja kwa moja ni watu kumi na tisa tu, na kila mmoja alimuuma.

Dada yake naye aliingizwa na mjukuu wake. Mwanamke aliyeshona miaka hamsini ana mengi ya kusema, na aliyasema. Wengine walimpenda, maana alijua mashine za zamani kama viganja vyake. Lakini mwezi Januari 2023 binti mmoja aliweka picha ya gauni, akauliza kwa nini zipu yake inakunjamana. Alikuwa ameandika maelezo marefu. Dada alisoma mistari miwili ya juu, akaiona zipu, akaandika kwamba aliyemfundisha binti huyo alimfundishia gizani, na kama ni mama yake basi mama naye angeuza cherehani anunue jembe.

Chini, kule ambako dada hakufika, binti alikuwa ameandika kwamba alifundishwa na mama yake, kwamba mama alizikwa mwezi uliopita, na kwamba gauni hilo ni la kwanza kulishona peke yake.

Marehemu alitoa onyo la kwanza. Dada hakulijibu. Akatoa la pili mbele ya wote. Dada akajibu kwamba zipu ni zipu tu, hata ukifiwa. Ndipo marehemu alipofunga safari mwenyewe mpaka kwenye chumba cha kushonea cha dada yake, akakalia kigoda cha wateja, akamweleza habari ya yule mama.

"Mimi nilijuaje kama amefiwa?" dada akasema.

"Sasa umejua."

"Nimejua. Na zipu bado imekunjamana."

Marehemu alicheka kidogo, halafu akaacha. Akamwomba aandike mistari miwili, pale pale alipotukania, aseme amekosea na anaomba radhi, na mambo yaishe.

"Nimekubeba mgongoni, leo unanifundisha adabu?"

"Nyumbani mimi ni mdogo wako, Dada. Kule mimi ni msimamizi."

"Basi nenda kasimamie."

Alikwenda. Usiku huo huo dada akaandika neno la tatu, ambalo halifai kusomwa mbele ya jeneza. Wifi yake, mke wa marehemu, anasimulia kwamba asubuhi yake marehemu hakunywa chai. Binti yake alimsihi amwache shangazi, mtu mzima, nani atajua. Akamjibu, "Wale kumi na tisa nao ni dada na kaka za watu." Tarehe 6 Februari 2023 akamfungia.

Ujumbe ulimfikia dada mezani, anakata kola. Akaweka kidole, akasoma neno la kwanza: Umefungiwa. Hakuendelea. Akaigeuza simu kifudifudi, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena jukwaani wala nyumbani kwa mdogo wake.

Binti mdogo wa marehemu aliolewa mwezi Juni. Shangazi alishona gauni la bibi harusi na nguo za wasimamizi wote, akazituma kwa jirani, yeye akabaki nyumbani na mlango umefungwa, anasikiliza redio. Mwezi Agosti miguu ya marehemu ilianza kuvimba. Daktari akasema moyo umechoka, umepanuka, hausukumi maji. Alilazwa mara mbili, Septemba na Novemba, katika hospitali kuu, jengo la pili. Wifi alimpigia dada simu, naye akajibu kwamba aliyemfukuza ndiye amwite. Marehemu alipoambiwa alishangaa, akasema hajamfukuza mtu, siku za dada ziliisha tangu mwezi wa tatu, yeye ndiye aliyegoma kurudi. Wifi, ambaye mambo ya jukwaa hakuyajua, aliona akiyapeleka maneno hayo atakoleza moto, akanyamaza. Alitaka amani, na hakuna wa kumlaumu.

Alilazwa mara ya tatu tarehe 4 Januari mwaka huu. Jumapili tarehe 7 dada alikwenda. Alikaa kitandani kwake saa nzima ya kutazama wagonjwa, amempakata miguu kama zamani. Marehemu alikuwa na hewa ya mtungi, hawezi kusema, lakini alikuwa macho na alimtazama muda wote. Dada alikuwa na la kusema. Wodi ilikuwa na vitanda sita na wageni wamejaa, akaona haya kulisema mbele ya watu. Akajiambia atarudi Jumanne, siku hiyo watu ni wachache. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 9 Januari 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Dada alikuwa kwenye ngazi za hospitali.

Kesho yake binti mkubwa alitaka kuwatangazia wanachama msiba, akamwomba shangazi amsaidie maneno. Shangazi akasema yeye kule ni mtu aliyefukuzwa. Binti akaichukua simu, akaufungua ule ujumbe wa Februari, akamsomea wote mpaka mwisho:

"Umefungiwa siku thelathini kwa kumtukana mwanachama. Tarehe 8 Machi utaingia kama kawaida, huna haja ya kuomba. Ukiingia, kuna mzee ana cherehani ya mkono kama ile ya mama, inakata uzi, na hapa hakuna anayeijua ila wewe. Nimemwambia asubiri."

Binti akatafuta zaidi. Tarehe 8 Machi marehemu alimwandikia yule mzee kwamba leo dada yangu anaingia. Tarehe 15 aliandika, subiri kidogo, anakuja. Mwezi Aprili aliandika tena, dada yangu ana kazi nyingi, lakini atakuja. Mwezi Mei yule mzee alishukuru, akasema cherehani ameiuza kwa kilo, kama chuma chakavu.

Jumatano hiyo dada aliingia jukwaani, na hakuna kilichomzuia. Aliandika ile mistari miwili, kwa kidole kimoja, kwa muda wa saa nzima, pale pale chini ya gauni la yule binti wa zipu. Aliomba matusi yake yasifutwe, yabaki juu ya mistari hiyo kila mtu ayaone. Mpaka leo asubuhi binti yule hajajibu, na hakuna anayemlazimisha. Lakini kwa kuwa alimtukania mama yake mbele za watu, dada, ambaye ndiye ninayewasomea haya, anasema mbele za watu pia, na mdogo wake akiwa hapa: nilikosea. Mama yako alikufundisha vizuri. Zipu ile ingenyooka kwa pasi.

Marehemu ameacha mjane mmoja, mabinti wawili, mkwe mmoja, na wanachama elfu nne mia tatu na kumi na wawili ambao binti yake mkubwa atawasimamia. Ameacha pia watu kumi na tisa aliowafungia, na wawili kati yao wametuma rambirambi. Ameacha dada mmoja, ambaye maneno ya Jumanne bado anayo kifuani.

Ardhi impokee taratibu, apumzike salama.