Shutu, Kanzu na Neno Msahaulifu

Kijiweni Gazi benchi ni mlango mkuukuu uliolazwa juu ya matofali, na sheria ni moja: anayenyanyuka kabla ubishi haujaisha ameshindwa, na ataosha vikombe vya wote. Siku hiyo Shutu alikuwa ndani ya kanzu mpya. Kijiweni huitwa Kamusi, maana aliacha shule darasa la sita akidai maneno yote keshayamaliza. Alasiri wazee wake wawili, Garama na Randu, waliokaa naye benchini, walikuwa wampelekee posa kwa kina Yusra, binti anayemtaka. Mara mbili walingojwa, wali ukapoa, hawakutokea. Babake Yusra alishatuma salamu: leo ndiyo mwisho, hamwozi bintiye kwa msahaulifu.

— Amenitukana, akasema Shutu akijimiminia kahawa. Msahaulifu ni wa kila siku. Mimi ni mara mbili tu. Huko ni kughafilika.

— Kughafilika ni kwa mashekhe, akasema Garama. Wewe umesahau. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Hakuulizwa ngama ya jahazi imeingiaje hapo. Randu, aitwaye Daktari tangu alazwe hospitali ya Msambweni wiki tatu, akaeleza kwamba kusahau ni maji: ukioga sana baharini, yanaingia sikio hili na kusukuma mambo ya juzi yatokee sikio la pili. Ndiyo maana pweza hamkumbuki mamake.

— Umemuuliza? akasema Shutu.

— Nimemtazama machoni.

Garama naye akaapa kuwa babu yake alisahau kufa, akaja kukumbushwa na mkewe mwaka wa pili. Kivuli cha ukuta kikawatoka miguuni kikawafika vifuani. Shutu hakuwa mtu wa kuoshea watu vikombe.

— Msahaulifu hasa, akatangaza, ni yule asiyejua kwamba kasahau. Mimi nikisahau kitu, nakijua mpaka rangi yake.

Kamusi akatabasamu kama aliyekwisha kuoa.

Hapo akatokea mtu mzima mwenye bakora. Alikuwa ami yake Yusra, aliyetumwa kuwaangalia, ingawa pale hapakuwa na aliyemjua.

— Shikamoo, mzee, akasema Shutu.

— Marahaba. Samahanini, nawaona mmependeza, na nasikia mmekaa tangu adhuhuri. Mnangoja nini?

Garama akamtazama Randu. Randu akalitikisa dele la kahawa, lilikuwa tupu. Shutu akainamia kanzu yake, akapitisha kidole kwenye mkunjo wa pasi, akajaribu kukumbuka ameivalia nini.

Ami akasubiri kidogo, kwa adabu, kisha akarudi kwa kina Yusra na jibu.