Mwanamke Akikuita Goigoi, Ni Alama Ngapi?

Benchi letu liko mtaa wa Brunswick, nje ya dirisha anapouzia kahawa mwenzetu Povu, pale tramu za Sydney Road zinapopita zikigonga kengele kama zimedhulumiwa. Asubuhi hiyo ya Julai, baridi ilikuwa inang'ata masikio, na sisi tulikuwa na baridi nyingine ya moyoni: Ijumaa, Leso alikuwa anapanda treni kuhamia mji wa mbali, Adelaide, kwa binti yake. Leso ni Voula, mjane wa Kigiriki, msusi, aliyekuwa ameuza saluni yake ya hapo jirani. Tunamwita Leso kwa sababu filamu yoyote yenye harusi lazima imlize. Miaka yote amekaa benchi moja na Breki, yaani Merv, dereva mstaafu wa tramu, ambaye akisimamisha tramu abiria walikuwa wanajikuta wamepakatana. Hao wawili wanachambana kuanzia kikombe cha kwanza hadi cha mwisho. Mtaa mzima unajua kwamba Breki anampenda. Yeye tu ndiye hajafungua mdomo, na mimi nilikuwa nimemkasirikia kwelikweli.

Basi tukiwa tumekaa hivyo, akashuka Vitufe. Jina lake Bridie, anatengeneza gemu kwenye ofisi ndogo juu ya duka la mazulia. Kashika kishikwambi, sura imemshuka.

Vitufe: Jamani, nisaidieni. Makao makuu wameirudisha gemu yangu.

Povu: Ile ya fundi bomba?

Vitufe: Hiyohiyo.

Gemu hiyo imetokana na filamu ya zamani, ya mapenzi na vichekesho, iliyopigwa mitaa hii hii kabla Vitufe hajazaliwa. Fundi bomba anaitwa kwa mama mmoja kuziba bomba linalovuja, anampenda, basi kila akiziba anaacha kasoro kidogo ili aitwe tena. Sote tumeiona. Leso anawatangulia waigizaji kwa maneno.

Vitufe: Wanasema kipimo cha mapenzi kimeharibika. Mnaona huu moyo juu ya kioo? Ukisema neno zuri unajaa, ukisema baya unapungua. Sasa yule mama anamwita fundi goigoi tangu mlangoni. Ukifika katikati ya gemu, moyo umeshakauka.

Breki: Nani kakwambia goigoi ni neno baya?

Vitufe: Waliotengeneza kipimo. Wako ng'ambo.

Breki: Ndiyo maana! Huku mwanamke akikuita goigoi, ujue umeshaingia sebuleni. Akianza kukuita "mheshimiwa", chukua kofia yako uondoke.

Leso: Kwa hiyo mimi nikikwambia una akili za kiazi?

Breki: Alama kumi.

Leso: Na kwamba ulikuwa unaendesha tramu kama unafukuzwa na nyuki?

Breki: Ishirini hizo.

Leso: Ningejua ningenyamaza. Kula biskuti.

Alikuwa ameoka zile biskuti zake za Kigiriki za kusokota. Breki akachukua moja, akaigongesha kwenye benchi.

Breki: Hii tungekingia magurudumu ya tramu mlimani, isingeteremka.

Akaila. Akachukua nyingine. Leso akamsogezea kopo lote bila kumtazama.

Povu: Mimi naona mnahangaika na moyo bure. Tatizo liko pengine. Kwenye filamu, wale wawili hawajui kama watapendana, sisi tunaotazama ndio tunajua. Kwenye gemu, mimi ndiye fundi, na ninajua! Sasa nitajifanyaje sijui?

Vitufe: Hapo hapo ndipo nilipokwama.

Povu: Basi mchezaji asiwe fundi.

Vitufe: Awe nani? Yule mama?

Povu: Awe bomba.

Benchi zima likamgeukia.

Povu: Msinitazame hivyo. Bomba likivuja, fundi anaitwa. Likivuja kidogo mno, hawaonani. Likizidisha, nyumba inazama, wanakufa wote wawili, gemu imeisha. Kazi yako ni kuvuja kwa kiasi.

Breki: Povu, hiyo kahawa unaiuza au unaimaliza mwenyewe?

Leso: Mwacheni, ana hoja. Ila mimi nasema gemu ya mapenzi bila machozi ni bandia. Wekeni mahali pa kudondoshea chozi. Hapa, chini ya kioo. Hulii, huvuki hatua.

Breki: Na mwenye kitunguu mfukoni?

Leso: Mashine imjue! Chozi la kitunguu na chozi la moyo hayana ladha moja.

Vitufe: Kwa hiyo mashine iyaonje, mama?

Leso: Si mna wataalamu huko juu? Kazi yao nini?

Breki: Ngojeni, mimi nina shida na ule mwisho. Mama anakwenda uwanja wa ndege, fundi anamkimbilia na gari lake la mabomba. Saa kumi na moja jioni! Kutoka hapa mpaka uwanjani Tullamarine! Akifika, mama yuko Singapore anakula tambi.

Leso: Ni filamu, wewe mtu.

Breki: Gemu iseme kweli. Mchezaji akae kwenye foleni jioni nzima, hakuna kuruka. Mbele lori, nyuma lori, redioni matangazo ya magodoro. Atakayevumilia mpaka mwisho, huyo ndiye anayependa.

Leso: Mtu anayeshabikia Collingwood, timu ya kuvunja watu mioyo, atawafundisha watu mapenzi?

Breki: Nani anajua kuvumilia kama sisi?

Tukacheka, hata Vitufe akacheka, ila hakuandika hata neno.

Vitufe: Hata mkiweka foleni ya wiki nzima, haitasaidia. Mchezaji haogopi kitu. Mama akimkataa, anabonyeza hapa, anarudi nyuma, anasema jingine. Anarudia mpaka akubaliwe.

Povu: Basi ondoa kitufe! Akikataliwa, gemu ijifute. Kishikwambi kizime. Umeme ukatike nyumbani kwake!

Leso: Na kwa jirani.

Povu: Mtaa mzima!

Breki hakuwafuata huko. Alikuwa ameinamia kile kioo.

Breki: Kitufe chenyewe kiko wapi?

Vitufe: Huku juu, kulia.

Breki: Na unaweza kurudi nyuma mpaka wapi?

Vitufe: Popote, mzee. Hata siku waliyoonana mara ya kwanza.

Breki: Aa.

Akakiangalia muda mrefu, kahawa mkononi inapoa. Nilimwonea huruma, hasira yangu yote ikayeyuka.

Dirishani alikuwapo kijana mmoja mgeni, kofia ya baiskeli kichwani, anasubiri kahawa yake. Kumbe alikuwa ametusikiliza muda wote.

Mgeni: Samahani, naulizia tu. Huyo mama, kama wanachambana tu kila siku, anajuaje kwamba anapendwa?

Vitufe akautazama moyo wake wa kwenye kioo. Breki, mwenye alama kumi na ishirini za kumgawia kila mtu, akainamia kopo la biskuti. Povu akaanza kufuta mashine iliyokuwa safi tayari. Mgeni akapewa kikombe chake, akashukuru, akapanda baiskeli akaenda zake, wala hakujua ametuachia nini.

Leso ndiye aliyesema mwishowe, na alisema polepole.

Leso: Hajui. Anakisia.

Vitufe: Mama wa kwenye filamu?

Leso: Anakisia leo, anakisia kesho. Mwisho anachoka kukisia, anauza saluni.

Mama wa kwenye filamu hana saluni. Tramu ikapita ikigonga kengele. Breki akaweka kikombe chini, akavua kofia, akaivaa tena.

Breki: Huko Adelaide kuna benchi?

Leso: Sijui. Sijaangalia.

Breki: Nitakuja kuangalia.

Leso: Utasafiri kote huko kuangalia benchi?

Breki: Ndiyo.

Akalisogeza kopo la biskuti pembeni, akamgeukia.

Breki: Hapana. Si benchi. Ni wewe.

Leso: Utakuja lini?

Breki: Ijumaa.

Leso: Ijumaa ndiyo siku ninayosafiri mimi, Merv.

Breki: Najua.