Bega Moja la Phidalia Kharbuli (1951–2018)

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Ibanri, kitinda mimba wa nyumba hii. Waliomshauri apunguze ukali wanashukuriwa. Hakupunguza neno.

Dada yetu mpendwa Phidalia alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, mtaa wa Mawkhar, Shillong, mtoto wa pili wa Mama Theilin Kharbuli na Baba Drolin Warjri. Bibi aliyempokea alisema kilio chake kiliishinda kengele ya kanisa.

Alisoma shule ya wasichana ya misheni hadi 1968, akiimba kwaya. Alipohitimu, bibi alimpa pini mbili za dhahabu za ukoo, za kushikia jainsem, vazi letu la wanawake, mabegani. Azivae maisha yake yote, kisha zirudi kwa kitinda mimba, kama ilivyo desturi yetu. Jiwe la pini moja lilikuwa na ufa, kwa kuwa bibi aliwahi kuiangusha kwenye kinu.

Mwaka 1970 alijiunga na bendi ya roki ya Ngurumo. Mchana aliuza wali wa nyama mkahawani kwa mama. Tarehe 17 Julai 1971, nyuma ya jukwaa, alijiwa na rafiki yake Daphisha Mawlong, mwitikiaji wa bendi.

"Niazime pini moja, Phida. Yangu imekatika, nitaumbuka mbele za watu!"

"Ya bibi hiyo. Unirudishie kabla sijapanda."

"Kwani nitaila?"

Hakuirudisha. Mvua ilikuwa ikinyesha, kama kawaida yake hapa kwetu, na dada akapanda na gambuti zenye tope, suruali ya kaka yake, na jainsem inayoning'inia upande mmoja. Kufikia Krismasi, wasichana wa mtaa wa Laitumkhrah walitembea bega wazi, na gambuti juani. Daphisha alidai pini imezama topeni. Dada hakununua nyingine.

Mzee Orlando Thabah wa kanisani alimwambia, "Binti, unavaa kama mtu aliyekimbia nyumba inayoungua," kisha wakamtenga na Meza ya Bwana. Mwaka jana mjukuu wa mzee huyohuyo aliolewa bega wazi, na mzee anatabasamu pichani. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Tarehe 6 Machi 1976 alifunga ndoa na Banteilang Nongrum, mpiga ngoma wa bendi, naye bwana harusi akahamia kwetu kama ilivyo ada.

"Mwanangu, leo tu, lifunge hilo bega," mama alimsihi.

"Nangoja ya bibi, mama."

Mji mzima ulidhani ni uasi. Uasi ulikuwa kwenye suruali na gambuti; bega lilikuwa linasubiri.

Mwaka 1984 Daphisha alifungua duka la nguo, akawaambia waandishi wa habari kuwa mtindo ule aliubuni yeye. Kwenye kibao cha duka imechorwa pini. Fundi rangi alikuwa mwaminifu kuliko mwenye duka, akaichora na ufa wake. Dada alipokwenda kuidai aliambiwa, "Shoga, hii nimenunua Kalkuta. Wivu utakuua."

Wivu haukumuua. Aliugua saratani ya koo mwaka 2017, na sauti ndiyo iliyotangulia kuondoka. Daphisha alikuja hospitali mara moja tu, na mpiga picha nyuma yake.

"Shusha bega kidogo, shoga, watu wakutambue."

Dada hakuweza kusema. Alinyoosha kidole kwenye pini iliyokuwa kifuani pa mgeni wake. Daphisha akacheka. "Mnaona? Bado anapenda mitindo huyu!"

Ibanri alikuwepo. Hajasamehe, na hatasema uongo mbele ya maiti.

Phidalia alifariki tarehe 9 Novemba 2018 nyumbani, ametangulia, kama tusemavyo, kutafuna tambuu uani kwa Mungu. Ameacha mume, Banteilang, binti, Mebari, wajukuu wawili, na mdogo wake Ibanri, mtunza vito vya ukoo.

Kwa haki hiyo, jeneza bado liko wazi. Marehemu amevishwa jainsem yenye pini moja. Ya pili iko mstari wa mbele, kwa sababu mwenye kuivaa huivaa popote penye kamera, na wapiga picha wapo. Wachimba kaburi hawana haraka, nasi hatuna.

Inuka, Daphisha. Njoo umfunge bega kwa mkono wako, watu wote wakiona. Hapo ndipo dada yetu atakapopumzika kwa amani.