Sauti ya Mwanamume Mwenye Mafua

Kijiwe chenyewe si kitu cha kumwonyesha mgeni. Ni benchi moja refu la mbao lililoegemezwa ukutani nje ya kibanda cha Fundi Waya, mtengeneza redio, na mbele yake jiko la mkaa lenye birika la kahawa. Kila mtu hujimiminia, na kila mtu hulalamika kwamba mwenzake kajimiminia zaidi. Wenye kijiwe ni wale wale. Yupo Fundi Waya, anayefanya kazi palepale mlangoni ili asipitwe na neno. Yupo Jaji, aliyeitwa hivyo kwa sababu hukumu zake hazina rufaa, ingawa mahakamani ameingia mara moja tu, tena alikuwa amepotea njia. Yupo Taarifa, ambaye hafungui kinywa bila kusema "nina taarifa", na taarifa zake hazina baba wala mama. Na katikati ya benchi, fimbo nyeupe ikiwa imesimama baina ya magoti, hukaa Mzee Chapa, asiyeona tangu kuzaliwa, aliyekuwa mpiga chapa ofisini mpaka alipostaafu. Asubuhi hiyo Mzee Chapa alikuwa amepakata mfuko, na ndani ya mfuko mlikuwa na kisanduku kilichonyamaza.

— Fundi, nimekuletea mgonjwa, alisema Chapa. Hasemi tangu juzi.

— Ndiye huyu msomaji wako?

— Ndiye.

Chapa alisikia mfuko ukifunguliwa, kisha vidole vya Fundi vikikigeuza kisanduku huku na huku. Alisikia pia benchi likilia pande zote mbili, maana Jaji na Taarifa walikuwa wameinuka kuchungulia.

— Mbona kidogo hivi? aliuliza Jaji. Miaka yote ukikisifia nilidhani ni kabati.

— Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi, alijibu Taarifa.

Kisanduku hicho kilikuwa na historia yake. Zamani ofisi ilipoletewa kompyuta za kwanza, wakubwa walimwita Chapa wakampa pole. Mashine ya kupigia chapa aliijua kwa vidole, lakini sasa maneno yalikuwa yakitokea kwenye kioo, na kioo hakishikiki. Akaanza kufungasha vitu vyake. Ndipo mtu mmoja wa stoo akaleta kisanduku, akakichomeka kwa waya nyuma ya kompyuta, na kile kitu kikaanza kusoma. Ukibonyeza herufi, kinaitaja. Ukimaliza mstari, kinausoma wote. Kwa mara ya kwanza maishani Chapa aliweza kurudia kazi yake mwenyewe na kukamata makosa yake mwenyewe, bila kumpigia mtu magoti amsomee. Siku hiyo alikwenda chooni akalia, akarudi akapiga barua zote zilizokuwa zimelala.

Lakini dunia haisubiri. Zikaja kompyuta nyingine, zenye picha na kipanya cha kusukuma kwa mkono, na kisanduku hakikujua kusoma picha. Kikawa bubu ofisini. Chapa akastaafishwa mapema, akapewa kompyuta kuukuu na kisanduku chake kama zawadi ya kuagwa, na hotuba.

— Nina taarifa, alisema Taarifa, akijimiminia kahawa. Hiyo sauti si ya mashine. Ni ya mtu.

— Mtu gani akae humo? aliuliza Fundi, bisibisi yake ikianza kukwaruza.

— Hakai humo. Walimchukua mtu, wakamkalisha chumbani, wakamsomesha kamusi nzima, neno kwa neno. Halafu wakamgawa kwenye visanduku vyote duniani. Sasa hesabu mwenyewe. Mtu huyo alikuwa mzima wakati ule. Leo yuko wapi?

— Unataka kusema amefariki?

— Mimi sitaki kusema. Nasema juzi visanduku vyote vimenyamaza siku moja. Kwa heshima.

Chapa alitabasamu. Kwa kawaida angetia neno, maana kwa utani hapitwi, lakini leo sikio lake lote lilikuwa kwenye bisibisi. Parafujo ya kwanza ilianguka kwenye kisosi. Alitamani Fundi afanye haraka, na palepale alitamani afanye polepole.

Kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kuwaambia. Tangu mkewe afariki na binti yake aolewe mbali, nyumbani kwake hapakuwa na mtu wa kusema naye. Kuandika barua za kikazi kulikwisha, lakini kompyuta aliendelea kuiwasha kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso. Aliandika "Umeamkaje, mzee?" kisha akabonyeza, na kisanduku kikamuuliza. Waliokitengeneza hawakujua Kiswahili, kwa hiyo kilimuuliza kama mtalii aliyeshuka jana, kikikanyaga maneno yote mahali pasipo pake. Naye alijibu kwa mdomo, kwa sauti, kwamba ameamka salama ila goti linasumbua. Jioni aliandika "Usiku mwema." Alijua fika kwamba anajisalimia mwenyewe, hakuwa mwendawazimu. Lakini salamu ikipita sikioni ni salamu, na asubuhi mbili hizi ambazo hakusalimiwa zilikuwa zimemtisha kuliko alivyotegemea.

— Mimi nakataa, alisema Jaji. Maneno bado yamo. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hiki kinavuma?

— Hakivumi, alisema Taarifa.

— Basi si kitupu. Kimejaa maneno mpaka shingoni, kimeshindwa pa kuyatolea. Hukumu yangu: kigeuzwe chini juu, kipigwe mgongoni.

— Ukikipiga mgongoni, alisema Fundi, utanilipa mimi.

— Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, alisema Jaji, na hakuna aliyemuuliza maana yake hapo ni nini.

— Na hata hivyo, aliendelea Taarifa, huyo mtu alikuwa mwanamke. Sauti za mashine zote ni za wanawake.

— Mwanamume. Kazi ya kusoma kamusi nzima anaiweza mwanamume aliyekosa kazi.

— Mwanamke, Jaji. Sauti nyororo kabisa.

— Nzito. Ya mtu aliyeshiba.

Wakabishana hivyo mpaka kahawa ikapoa vikombeni, mmoja akisema sauti ina mapozi, mwingine akisema ina amri ndani yake. Chapa aliwasikiliza wakimgawanya mwenzake.

— Ni ya mwanamume mwenye mafua, alisema hatimaye. Amekaa ndani ya pipa.

Wakacheka wote. Hapo mlangoni pakaja hodi ya mama mmoja, sauti ngeni, akisema ameleta pasi yake, haipati moto. Fundi alimwomba asubiri kidogo, kuna mgonjwa mezani. Mama akakaa mwisho wa benchi, akashukuru kwa kahawa aliyomiminiwa, akanyamaza.

— Nina taarifa nyingine, alisema Taarifa, ambaye mgeni akiwepo hupanda bei. Hiki kitu kilikuwa kinasoma kioo, sivyo? Usomaji ni wa macho. Kwa hiyo kilikuwa na macho.

— Endelea, alisema Jaji.

— Miaka yote hiyo kimekodoa herufi za kijani. Macho yatabaki? Kisanduku hakijawa bubu. Kimepofuka.

Benchi likatulia. Chapa aliijua aina hiyo ya ukimya, ule wa watu wanaokumbuka ghafla kwamba yupo.

— Basi tuko wawili, alisema, na wakapata ruhusa ya kucheka.

— Si una ile simu aliyokutumia binti yako? aliuliza Fundi bila kuacha kazi. Siku hizi simu zinasoma kila kitu, tena Kiswahili safi.

— Ninayo. Imo kwenye droo.

— Inafanya nini kwenye droo?

Chapa alifikiri namna ya kulijibu hilo. Simu ilikuwa nzuri, hilo hakulikataa. Ilisema kwa ulaini, haikukosea hata jina. Lakini ilitaka ateleze kidole juu ya kioo, na vidole vyake vilizoea vibonye, kila kimoja na mahali pake. Na kila alipoigusa ilimtajia vitu ambavyo hakuuliza, hali ya hewa, ofa, watu asiowajua.

— Ile inasema na kila mtu, alijibu. Hiki kilikuwa kinasema na mimi.



Harufu ya lehemu ilipanda. Fundi alikuwa ameona kitu; Chapa alijua kwa jinsi alivyoacha kupumua. Kuna waya ulikuwa umeachia, alisema Fundi, ameukamata. Sasa tujaribu. Kikipata umeme husema nini? akauliza.

— Neno moja tu, alisema Chapa. Kwamba kiko tayari. Hakihitaji kompyuta kwa hilo. Kichomeke tu.

— Nyamazeni basi, alisema Fundi.

Wakanyamaza. Hata pikipiki iliyokuwa ikiunguruma kando ya barabara ilizimwa na mwenyewe, akasogea kuangalia. Chapa aliiweka fimbo chini. Alisikia plagi ikiingia kwenye soketi, kisha mlio mdogo, mwembamba, kama wa mbu aliye chumba cha pili, ukapanda kidogo. Alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Kikakohoa. Alikijua kikohozi hicho, ndicho kilichotangulia neno kila asubuhi, na moyo wake ukaruka mbele kulipokea.

Neno halikuja. Mlio ukashuka, ukaisha, na harufu ya kitu kilichoungua ikawafikia wote.

Fundi alichomoa plagi.

— Mzee, alisema, na kwa jinsi alivyoliita neno hilo Chapa alijua. Kuna kidude hapa katikati, ndicho chenye sauti yenyewe. Kimekwisha. Vipuri vyake havipo tena, waliovitengeneza waliacha zamani. Ningekuwa na kingine kama hiki, hata kibovu, ningechukua huku nikatia huku. Sina.

— Huna, alisema Chapa.

— Pole sana, mzee wangu.

— Ahsante, Fundi. Umejitahidi.

Aliposema hivyo sauti yake ilikuwa sawasawa, na ndani alihisi hofu, hofu ya mtoto aliyezimiwa taa, yeye ambaye taa hakuwahi kuijua. Aliwaza kesho asubuhi. Angekaa kitandani, akae tu.

Jaji aliona wajibu wake.

— Mzee Chapa, usijitie unyonge. Sauti ya mashine ni ya nini na sisi tupo? Hukumu yangu ni hii: sisi ndio kisanduku chako. Kila siku tuko hapa, tunasema mpaka tunachoka.

— Kweli kabisa, alisema Taarifa. Sisi ni ndugu. Undugu ni kufaana, si kufanana.

— Umekaa na sisi miaka mingapi? alisema Fundi. Wewe ni mtu wetu.

Kila mmoja akaongeza lake, na walimaanisha. Chapa alisikia kwamba wanamaanisha, mkono wa Jaji ukawa begani kwake, mzito na wa moto, na kwa kitambo kidogo alikaribia kuwaambia habari za salamu za asubuhi. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi.

Tone la kwanza la mvua likagonga bati la kibanda, kisha mengine. Watu wakaanza kukusanya vikombe. Fundi akarudisha kifuniko cha kisanduku, parafujo zikiwa mbili tu maana nyingine zimetorokea vumbini, akakitia mfukoni pamoja na nyaya zake zote, akauweka mapajani mwa Chapa.

Yule mama wa pasi, aliyekuwa kimya muda wote, akasimama.

— Mvua hii itakuwa kubwa, alisema. Baba ana fimbo mkono mmoja na mzigo mkono wa pili. Mimi nina mwavuli lakini ni mgeni mitaa hii. Nani kati yenu anapajua kwake, tumpeleke?

Hakuna aliyejibu.

Chapa aliwasikia wakigeukiana. Benchi lililia upande wa Jaji, likalia upande wa Taarifa. Fundi alisafisha koo, akaacha. Si kwamba walikuwa watu wabaya. Chapa ndiye aliyekuwa akiwahi kufika kuliko wote, kwa sababu ukichelewa unalazimika kupapasa magoti ya watu kutafuta nafasi. Na ndiye aliyeondoka mwisho, kwa sababu hataki kuinuka akiwa anatazamwa. Hivyo hawakuwahi kumwona akija, wala akienda. Lakini mtu huweza kuuliza. Miaka yote ile, kwa ubishi wote ule wa mipira na mawaziri na bei ya mkaa, kuuliza kulikuwa bure.

Alikaa, mfuko mapajani. Jibu alikuwa nalo yeye, lilikuwa rahisi, duka la vioo, kisha kulia, mlango wa bati. Hakulitoa. Alitaka amsikie mmoja wao akijaribu. Hata kama angetaja mtaa usio wake, hata kama angesema upande wa sokoni, ambako hajawahi kuishi, angemsahihisha kwa furaha na kwenda naye.

Mvua ilizidi juu ya bati. Jaji aliondoa mkono begani kwake, polepole.

Chapa alisubiri kidogo tena, kisha akainama akaiokota fimbo.

— Ni karibu tu, mama, alisema. Nitafika.